Mbawakawa Ndani ya Sandarusi: Kisukuku au Mzoga wa Juzi?

Katika misitu ya pwani ya Kwale, ile michache iliyonusurika baina ya mashamba, hoteli na barabara, humea mti mrefu ambao vijani vyake hutoka viwili viwili kama jozi ya ndara. Gome lake likijeruhiwa, hutoa utomvu ambao huganda ukawa mgumu mfano wa kioo chenye rangi ya asali. Mti huo ni msandarusi, ambao wengine huuita mtandarusi, na utomvu wake ulioganda ndio sandarusi. Mtu akiokota kipande chake na kukiinua juani, huenda akaona ndani yake mbawakawa mdogo aliyekamilika: mbawa zimefungwa mgongoni, miguu imekunjwa, vipapasio vimenyooka. Hapo ndipo swali linapozuka. Je, mdudu huyu ni wa zama za kabla ya binadamu, au alikufa wakati babu yake mwokotaji angali kijana?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Ni swali la elimu ya viumbe, lakini linawahusu wanafunzi wa Kiswahili pia kwa sababu sehemu ya ugumu wake imo katika maneno. Ni rahisi kwa mfasiri kulitumia neno sandarusi mahali pa kaharabu, au kaharabu mahali pa sandarusi, na kuviita vyote viwili visukuku. Akifanya hivyo anaweza kuongeza umri wa mdudu kwa mamilioni ya miaka bila ya kujua.

Yafaa kuanza na mdudu mwenyewe. Mbawakawa ni kundi kubwa kupita kiasi. Spishi zake zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi zinakaribia 400,000, yaani takriban robo ya spishi zote za wanyama zinazojulikana duniani. Kimulimuli ni mmoja wao, ingawa wengi hawamdhanii hivyo. Dumuzi anayesaga mahindi ghalani ni mmoja wao, na vilevile yule mwenye pembe anayetoboa vilele vya minazi huko Msambweni na Gazi. Kinachowaunganisha ni jozi ya mbele ya mbawa, ambayo haitumiki kurukia bali imekuwa ngumu na kugeuka kifuniko cha jozi ya nyuma iliyo laini. Jina lao la kisayansi, Coleoptera, limeundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya ala na bawa: bawa lililotiwa alani kama jambia. Neno letu nalo linavutia. Kawa ni kile kifuniko cha ukili kinachofunikia chakula, na mbawa za mbele za mdudu huyu hufanya kazi iyo hiyo. Iwe hiyo ndiyo asili ya neno mbawakawa au isiwe, sura ya kitu na sura ya neno zimekubaliana.

Kifuniko hicho hakikuwa imara tangu mwanzo. Miongoni mwa mbawakawa wa kale kabisa wanaojulikana wamo wa familia ya Tshekardocoleidae, iliyopewa jina hilo na mtaalamu wa Kirusi Rohdendorf mwaka 1944 kutokana na mahali paitwapo Tshekarda katika eneo la milima ya Urali. Waliishi zama za Permi, takriban miaka milioni 280 iliyopita, kabla ya dinosau na kabla ya ua la kwanza kuchanua duniani. Wamejulikana kwa alama zilizobaki katika mawe, hasa mbawa. Mbawa hizo za mbele zilikuwa ndefu kupita mwisho wa tumbo, nazo zilionyesha wazi mishipa na vijisehemu vilivyopangika kwa safu kama wavu. Zililala juu ya mwili bila kuubana. Kwa maneno mengine, kawa lilikuwa limekwisha kusukwa ila lilikuwa bado halijakaa sawasawa juu ya sinia. Mbawakawa wa leo, ambaye ala yake hubana mwili hata tone la maji lisipenye, alikuja baadaye. Familia hiyo ilitoweka yote, na hakuna hata spishi moja iliyosalia.

Mkoa wa Pwani ya Kenya una mawe ya zama hizo. Upande wa bara wa Kwale, kwenye nyika ya Taru na Samburu, kuna tabaka za mchangatope na mchangamawe ambazo wanajiolojia huziita za Karoo, na ambazo kutandikwa kwake kulianza katika zama hizo za kale na kuendelea hadi zile zilizofuata. Katika tabaka za Maji ya Chumvi mabaki ya samaki yamepatikana. Basi atafutaye umri mkubwa Kwale na aelekee Taru. Fuo za Diani hazimfai, kwa kuwa mwamba wa matumbawe anaoukanyaga huko ni mtoto mchanga kwa hesabu ya ardhi.

Visukuku vya mbawakawa wenyewe nchini Kenya vimepatikana mbali na pwani, katika visiwa vya Rusinga na Mfwangano ndani ya Ziwa Victoria, kwenye mashapo ya zama za Miosini yenye umri unaokaribia miaka milioni 18. Huko majivu ya volkeno yaliwahifadhi wadudu kwa umbo lao kamili badala ya kuwabana wakawa bapa. Mwaka 1976 mtaalamu wa Kifaransa Renaud Paulian alieleza mbawakawa wa mavi kutoka Miosini ya Kenya, na majina mawili aliyotoa yanasema mengi: Anachalcos mfwangani, kwa heshima ya kisiwa, na Copris leakeyorum, kwa heshima ya ukoo wa Leakey. Jambo la kuzingatia ni kwamba Anachalcos na Copris ni jenasi ambazo zingali hai Afrika leo. Miaka milioni 18 haikutosha kuzifuta jenasi hizo, sembuse familia nzima. Anayetazamia kupata familia iliyotoweka ndani ya kipande cha sandarusi na alikumbuke hilo.

Sasa turudi msituni. Jina la kisayansi la msandarusi ni Hymenaea verrucosa, na vitabu vya zamani huuita Trachylobium. Neno la kwanza limetokana na Hymen, mungu wa ndoa wa Wayunani, kwa ajili ya vijani vile vilivyooana viwili viwili. La pili ni la Kilatini, na maana yake ni wenye sugu au vipele, kwa kuwa ganda la tunda lake limejaa vivimbe vya utomvu. Utomvu huu hauyeyuki majini, tofauti na gundi ya mgunga. Kazi yake kwa mti ni kuziba jeraha na kumzuia adui, na adui mkuu ni mbawakawa.

Wapo mbawakawa wembamba, warefu kama kijiti kilichokatwa, wa kundi la Platypodinae. Hao hawali mbao. Hutoboa shina, wakaingia na mbegu za kuvu walizozibeba mwilini, wakazipanda katika kuta za njia walizochimba, na mabuu yao hula mavuno ya kuvu hizo. Ni wakulima waliotangulia jembe. Mti unapotobolewa hujibu kwa kumwaga utomvu, na mkulima hunaswa mlangoni pa shamba lake kama ndege katika ulimbo. Hii ndiyo sababu wadudu wa kundi hili huonekana mara kwa mara katika sandarusi ya Afrika ya Mashariki na ya Bukini. Zamani wataalamu waliwahesabu kuwa familia kamili, Platypodidae. Siku hizi wamewekwa chini ya familia ya fukusi. Kwa hiyo ipo familia ya mbawakawa iliyotoweka ndani ya sandarusi, ila iliyotoweka kwa kalamu.

Utomvu ukitoka hauwi kaharabu kwa siku moja. Kwanza mafuta yenye harufu huruka na kwenda zake. Kisha chembe za asidi zilizomo, mojawapo ikiwa imepewa na wanakemia jina la Zanzibar, huanza kushikana minyororo. Kadiri miaka inavyopita, na kadiri udongo unavyoulemea na kuupasha joto, minyororo huongezeka na kukazana. Sandarusi ni hatua ya katikati ya safari hiyo. Kaharabu ni mwisho wake. Kaharabu ya Baltiki ina zaidi ya miaka milioni 30, ile ya Myanmar takriban milioni 99, na ya Lebanoni ni ya kale zaidi. Katika kaharabu ya Myanmar ndimo zinamopatikana familia za mbawakawa zilizokufa kweli: mwaka 1919 haungeweza kumpa mtaalamu habari hiyo, bali mwaka 2019 ndipo ilipotangazwa familia ya Mysteriomorphidae, ambayo jina lake lina maana ya wenye umbo la fumbo.

Mabaharia na wachuuzi wa pwani walizijua hatua hizi kabla ya wanakemia. Richard Burton, aliyepita Mrima kati ya mwaka 1857 na 1859 na kuchapisha habari zake mwaka 1860, aliandika kwamba wenyeji walitofautisha sandarusi ya mti, ambayo ni changa, na ile iliyokomaa iliyochimbwa ardhini. Ile changa iliitwa chakazi. Wafanyabiashara wa Kiingereza na Kimarekani waliposikia chakazi, waliligeuza likawa jackass, yaani punda dume, na bidhaa ikaandikwa katika vitabu vyao vya hesabu kuwa sandarusi ya punda. Punda hakuhusika hata kidogo. Wanafunzi wanaokusanya mifano ya maneno yaliyopotoka kwa kutoholewa wanao mfano mzuri hapo, tena ule ambao lugha iliyopotosha si Kiswahili.

Biashara yenyewe ilikuwa kubwa. Merikebu kutoka Salem, huko Massachusetts, zilileta Zanzibar nguo ya pamba ambayo hadi leo twaijua kwa jina la merikani, nazo zikarudi na pembe, karafuu, ngozi na sandarusi. Sandarusi iliyokomaa iliyeyushwa katika mafuta ya kitani yaliyochemshwa ikawa vanishi ya magari ya farasi na ya samani. Machimbo mashuhuri yalikuwa kusini ya Vanga, katika Mrima wa Tanganyika, ambako watu walichimba mahali pasipokuwa na msandarusi hata mmoja uliosimama. Hilo lilizua ubishi: je, sandarusi ya ardhini ilitokana na mti uleule? John Kirk, daktari na mwanabotania aliyefika Zanzibar mwaka 1866, ndiye aliyeonyesha kuwa jibu ni ndiyo, kwa kuwa majani na maua yaliyonaswa ndani ya vipande vilivyochimbwa yalikuwa ya msandarusi. Msitu ulikuwa umekufa, na utomvu wake ukabaki kuwa shahidi.

Kirk alihesabu aina tatu badala ya mbili: ya mtini, ya udongoni karibu na mizizi, ambayo ndiyo chakazi, na ile iliyokomaa. Iliyokomaa hutambulikana kwa uso wake baada ya kusafishwa, kwani huwa na vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Wadudu nao hawakupuuzwa. Mapema mwaka 1825 Msweden Dalman aliandika makala nzima kuhusu wadudu waliofungika ndani ya kopali, jina ambalo Wazungu waliwapa utomvu wa namna hii kutoka pande mbalimbali za dunia.

Tofauti ya maneno basi ni tofauti ya vitu. Sandarusi ni neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, na mizizi yake imefika hadi Kiyunani. Kaharabu limetoka Kiajemi: kah ni majani makavu, na ruba ni kunyakua, kwa sababu kaharabu ikisuguliwa huvuta vipande vya majani. Wayunani waliiita elektroni, nao umeme wa dunia nzima ukapata jina lake humo. Mwenye shaka kuhusu kipande alicho nacho anaweza kudondosha tone la spiriti, au la asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Sandarusi hulainika na kunata kidoleni, ilhali kaharabu hubaki kama ilivyo. Maji yaliyokolea chumvi hayatoshi, maana sandarusi na kaharabu zote huelea humo. Yatafichua plastiki ambayo huzama, basi.

Umri wa sandarusi ulidhaniwa kwa muda mrefu kuwa mkubwa, kwa kuwa msitu uliotoweka huhisiwa kuwa wa kale. Vipimo vya kaboni vilivunja dhana hiyo. Burleigh na Whalley walichapisha vipimo vyao mwaka 1983, na wengine wakawafuata, na imedhihirika kwamba vipande vingi vya Afrika ya Mashariki na Bukini vina umri wa mamia ya miaka, na baadhi hata chini ya hapo. Mbawakawa aliyemo huenda alikufa Seyyid Said alipokuwa akipanda mikarafuu, au baadaye sana. Kifaurongo, katika kamusi, ni jina la mdudu ajifanyaye mfu aguswapo. Huyu wa sandarusi ni kinyume chake kwa namna mbili: amekufa huku akionekana hai, na ni wa juzi huku akionekana wa kale.

Wapo wanaokata tamaa wakisikia hivyo na kukitupa kipande. Hilo ni kosa, na ndilo jambo lenye uzito kuliko yote yaliyotangulia. Mwaka 2020 Mónica Solórzano-Kraemer na wenzake walipendekeza katika jarida la Scientific Reports mgawanyo mpya wa utomvu kwa umri. Kopali, kwa pendekezo lao, ni utomvu wenye umri usiozidi miaka milioni 2.58, hadi mwaka 1760. Uliotoka baada ya mwaka 1760 wameuita kwa jina linaloashiria kupungua kwa wanyama duniani, kwa kuwa ndipo mapinduzi ya viwanda yalipoanza na misitu ikaanza kufyekwa kwa kasi isiyowahi kuonekana. Kwa hiyo tone la miaka 200 lina thamani ambayo kaharabu ya Myanmar haina: linaeleza ni wadudu gani waliokuwa wakiishi katika msitu huu huu kabla haujakatwa.

Kwa Kwale habari hiyo si nadharia. Misitu ya pwani ya kusini imebaki vipande vipande. Milima ya Shimba ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Gongoni na Buda ni misitu midogo iliyozungukwa na makazi na mashamba. Kaya za Wadigo, kama vile Kinondo na Muhaka, zimesimama kwa sababu wazee walikataza kukata hata kijiti, na Kaya Kinondo ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Nje ya mipaka hiyo, miwa, minazi, mikorosho, hoteli na machimbo vimechukua nafasi. Mbawakawa wa msituni, hasa wale wasioweza kuishi nje ya kivuli au nje ya aina moja ya mti, hawana pa kuhamia. Wengi wao ni wadogo kuliko punje ya mtama, na spishi kama hizo huweza kutoweka kabla hazijapata jina la Kilatini, seuze la Kidigo au la Kiswahili. Ikiwa mmoja wao alinaswa katika utomvu mwaka 1850, basi kipande hicho huenda ndicho kaburi lake na cheti chake cha kuzaliwa kwa pamoja.

Ndiyo maana kipande kilichookotwa kina faida ikiwa tu habari zake zimeandikwa: kimetoka wapi, kilikuwa juu ya ardhi au ndani yake, msandarusi ulio hai uko umbali gani. Kipande kilichong'arishwa na kutungwa uzi bila habari hizo hakimfai mtafiti, hata mdudu wake awe mzuri namna gani. Pambo lakini ni pambo, na hakuna wa kumlaumu alivaaye.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mti huu. Katika Jamhuri ya Dominika, visiwani Karibi, huchimbwa kaharabu halisi yenye umri wa takriban miaka milioni 15 hadi 20. Mti ulioitoa umekwisha kutoweka, na mwaka 1991 George Poinar aliuita Hymenaea protera baada ya kuchunguza maua na majani yaliyohifadhiwa ndani ya utomvu wake. Ingetarajiwa kwamba ndugu yake wa karibu apatikane Amerika, ambako spishi nyingi za jenasi hiyo zinaishi. Kumbe maumbile ya maua yake yanafanana zaidi na msandarusi wa Afrika ya Mashariki. Ndani ya kaharabu hiyo ya Dominika wamo mbawakawa wa Platypodinae kwa wingi, wamekufa milangoni pa mashamba yao ya kuvu, sawasawa na wale wanaonaswa hadi leo katika gome la msandarusi.